Mwanamfalme Rainier wa Tatu na Nchi Iliyoning'inia kwa Nyuzi Mbili

Katika pwani ya kusini ya Ufaransa, karibu na mpaka wa Italia, pana jabali kubwa lililotokeza baharini, na juu yake pana jumba la kale lenye minara. Jabali hilo, pamoja na bandari iliyo chini yake na kipande chembamba cha pwani kilicho kando, ndiyo nchi ya Monaco. Eneo lake lote halifiki ekari 600, na mtu mwenye miguu mizuri aweza kuivuka toka mwisho huu hata mwisho huu kwa muda usiotimia saa moja na nusu. Duniani pote hakuna nchi yenye kujitawala iliyo ndogo kuliko hiyo, isipokuwa Mji wa Vatikani, makao ya Baba Mtakatifu.

Nchi hii haina mashamba, haina madini, wala haina mto wa maana. Askari wake ni walinzi wa jumba la mtawala na kikosi cha zimamoto, na wote pamoja hawatimii mia tatu. Hata hivyo ina bendera yake, sheria zake, stempu zake za posta, na kiti chake katika Umoja wa Mataifa. Wengi waliitazamia imezwe na majirani zake, na kwa kweli mara zaidi ya moja ilikaribia kumezwa. Namna ilivyookoka katika karne ya ishirini ni habari ya mtu mmoja hasa, naye ni Mwanamfalme Rainier wa Tatu, aliyeitawala kwa karibu miaka 56, tangu 1949 hata 2005.

Yafaa msomaji aelewe kwanza jambo moja. Mtawala wa Monaco haitwi Mfalme. Huitwa Mwanamfalme, ijapokuwa baba yake hakuwa mfalme wa nchi yoyote. Hicho ni cheo cha zamani cha Ulaya walichopewa wakuu wa nchi ndogo, na mwenye cheo hicho katika nchi yake hana bwana juu yake.

NYUZI MBILI

Ukoo wa Grimaldi, ambao ndio ukoo wa watawala wa Monaco, ulitoka Genoa, mji wa Italia wenye bandari kubwa. Usiku mmoja wa Januari mwaka wa 1297, François Grimaldi alijivika joho la mtawa, akabisha mlango wa ngome iliyokuwa juu ya jabali, na alipofunguliwa akaingia na upanga chini ya joho lake. Mpaka leo ngao ya nchi hiyo huonyesha watawa wawili walioshika panga. Baadaye ukoo huo ulifukuzwa ukarudi, ukatwaliwa na wakubwa mbalimbali ukaponyoka, lakini jabali halikuwatoka kabisa.

Pigo kubwa lilikuja mwaka wa 1861. Miji ya Menton na Roquebrune, iliyokuwa na mashamba ya malimau na mizeituni, ilikwisha kuasi, na Mwanamfalme Charles wa Tatu akaiuzia Ufaransa kwa faranga milioni nne. Kwa mauzo hayo Monaco ilipoteza zaidi ya sehemu tisa katika kumi za ardhi yake. Kilichobaki kilikuwa jabali, bandari na kilima kitupu.

Charles akatafuta njia ya kula. Mwaka wa 1863 alimpa mfanyabiashara aitwaye François Blanc ruhusa ya kuendesha nyumba ya kamari juu ya kilima kile, na kilima chenyewe kikaitwa Monte Carlo, yaani Mlima wa Charles. Matajiri wa Ulaya wakamiminika, na fedha walizopoteza mezani zikajaza hazina ya nchi hata mwaka wa 1869 wenyeji wakaondolewa kodi ya mapato. Wenyeji wenyewe sheria iliwakataza kucheza kamari humo. Watawala wao waliijua vizuri biashara waliyokuwa wakiwauzia wageni.

Basi kamari ikawa uzi wa kwanza ulioishikilia nchi. Uzi wa pili ulikuwa mrithi. Katika mwaka wa 1918, Ufaransa na Monaco zilitia sahihi mkataba uliosema kwamba, ikiwa kiti cha utawala kitakosa mrithi, Monaco itakuwa chini ya ulinzi wa Ufaransa. Kwa maneno mengine, siku ambayo mtawala angekufa bila mtoto wa kumrithi, uhuru wa nchi ungezikwa pamoja naye. Neno hili halikuwa la karatasi tu. Wakati huo Louis, aliyekuja kuwa Mwanamfalme Louis wa Pili, hakuwa na mke wala mtoto wa ndoa, na jamaa aliyefuata katika urithi alikuwa mtu wa Ujerumani, ambaye Ufaransa isingemkubali hata kidogo baada ya vita vile vikuu.

Louis alikuwa na binti aliyezaliwa nje ya ndoa huko Aljeria mwaka wa 1898, jina lake Charlotte. Mwaka wa 1919 alifanywa mtoto wake kwa sheria, akapewa haki ya kurithi. Mwaka uliofuata binti huyo aliolewa na mtu wa jamaa kubwa ya Ufaransa, Pierre de Polignac. Walizaa binti, Antoinette, kisha tarehe 31 Mei 1923 akazaliwa mtoto wa kiume. Huyo ndiye Rainier.

MTOTO WA SHULE ZA BWENI

Rainier alipokuwa bado mtoto mdogo, wazazi wake walitengana, na baadaye ndoa ikavunjwa. Alipelekwa shuleni Uingereza, kwanza katika shule iliyokuwa kando ya bahari, kisha katika shule ya Stowe. Hakukupenda huko, alikuwa mtoto mnene, mwenye haya, asiyekuwa na mtu wa kumkimbilia. Baadaye alihamishiwa shule ya Le Rosey katika Uswisi, na huko moyo wake ukatulia. Kisha alisoma chuo kikuu cha Montpellier na shule ya mambo ya siasa ya Paris.

Vita vya Pili vya Dunia vikaja. Monaco ilikaliwa na Waitalia, kisha na Wajerumani. Mwaka wa 1944, siku moja kabla Rainier hajatimiza miaka 21, mama yake aliiacha haki yake ya urithi ili imwendee yeye. Mwezi wa Septemba mwaka huo, Rainier alijiandikisha katika jeshi la Ufaransa, akapigana katika jimbo la Alsace wakati wa baridi kali, akapewa nishani ya vita. Jambo hili lilimfaa baadaye, maana alipokuja kugombana na serikali ya Ufaransa, hakuna aliyeweza kusema kwamba alikuwa mtu asiyeipenda nchi hiyo.

Babu yake, Louis wa Pili, alifariki tarehe 9 Mei 1949. Rainier, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka 26, akawa mtawala.

URITHI WENYE NYUFA

Aliporithi, uzi wa kwanza ulikuwa umechakaa. Vita vilikuwa vimewamaliza wateja wa zamani wa Monte Carlo. Wakuu wa Urusi walikuwa wametoweka tangu mapinduzi ya 1917, na matajiri wa Uingereza walibanwa na kodi na sheria za kutotoa fedha nje ya nchi yao. Kuanzia mwaka wa 1953, tajiri wa meli wa Kigiriki, Aristotle Onassis, alinunua hisa nyingi za kampuni iliyomiliki nyumba ya kamari, mahoteli makubwa na sehemu kubwa ya ardhi, hata akawa na sauti ya mwisho ndani yake. Kisha mwaka wa 1955, benki moja kubwa ya Monaco, iliyokuwa na akiba za watu wengi na fedha za serikali pia, ilifilisika. Wajumbe wa Baraza la Taifa wakalalamika, na washauri kadha wa mtawala wakaondoka kazini.

Uzi wa pili nao ulikuwa mwembamba. Mtawala alikuwa na zaidi ya miaka 30, hana mke wala mtoto, na kila mwenyeji wa Monaco aliyajua maneno ya mkataba wa 1918. Watu wa nchi nyingine huzungumza juu ya ndoa ya mtawala wao kama burudani. Kwa watu wa Monaco jambo hili lilikuwa kodi ya mapato, utumishi wa jeshi na uraia wao, kwa maana wangekuja kutawaliwa na Ufaransa wangeyapata yote waliyosamehewa.

Mwezi wa Mei 1955, mchezaji wa sinema wa Marekani, Bibi Grace Kelly, alikwenda Cannes kwenye sherehe za sinema. Gazeti moja la picha likapanga azuru jumba la Monaco apigwe picha pamoja na Mwanamfalme. Grace alikuwa binti wa John Kelly wa Philadelphia, aliyeanza kazi kwa kujenga matofali, akatajirika kwa kazi hiyo hiyo, na kushinda medali tatu za dhahabu katika mashindano ya Olimpiki ya kupiga makasia. Wawili hao walionana kwa muda mfupi tu, lakini wakaandikiana barua. Mwisho wa mwaka Rainier alisafiri mpaka Philadelphia kuposa.

Walioana mwezi wa Aprili 1956, kwa sheria tarehe 18 na kanisani tarehe 19, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Nicholas. Mamilioni ya watu waliitazama arusi hiyo kwa televisheni, chombo kilichokuwa bado kigeni katika nyumba nyingi za Ulaya. Binti yao Caroline alizaliwa Januari 1957, na tarehe 14 Machi 1958 alizaliwa mtoto wa kiume, Albert. Stéphanie alifuata mwaka wa 1965. Uzi wa pili ulikuwa umepata nguvu. Na wa kwanza pia ulinufaika, kwa kuwa Wamarekani waliokuja kuiona nchi ya mchezaji wao waliacha fedha zao katika mahoteli, wala haikuwalazimu kukaa kwenye meza za kamari.

UGOMVI NA JIRANI MKUBWA

Mtu asidhani kwamba Rainier alikuwa mtawala mpole wakati wote. Mwezi wa Januari 1959, Baraza la Taifa lilipokataa kupitisha makisio ya fedha na kudai madaraka zaidi, alilivunja, akaisimamisha na katiba yenyewe iliyokuwapo tangu 1911. Akatawala kwa amri zake. Wapinzani wake walisema kwamba anarudisha mambo ya kale, na maneno yao hayakukosa kweli.

Lakini mwaka wa 1962 alijikuta mbele ya mtu mwenye nguvu kuliko yeye. Wafaransa wengi na kampuni zao walikuwa wamehamia Monaco ili waepuke kodi za kwao, na Rais Charles de Gaulle hakufurahi kuona fedha za Ufaransa zikipitia dirishani. Tena palikuwa na shauri la hisa za redio na televisheni ya Monte Carlo, ambazo kila upande ulitaka kuzishika. Mwezi wa Januari, Rainier aligombana kwa maneno makali na Waziri wa Nchi, Émile Pelletier, ambaye kwa mapatano ya wakati ule alikuwa Mfaransa, akamfukuza kazini. Ufaransa ikaona imetukanwa. Ikatangaza kwamba mapatano ya ujirani yaliyofanywa mwaka wa 1951 yatakwisha baada ya miezi sita.

Usiku wa tarehe 12 Oktoba 1962, maofisa wa forodha wa Ufaransa walisimama katika njia zinazoingia Monaco na kuanza kuzuia motokaa. Hapakupigwa risasi, wala haikuhitajika. Nchi isiyo na shamba hupata mkate, maji na umeme kwa majirani, na jirani akifunga mlango, nyumba hulala njaa. Waswahili husema mnyonge hana haki, na usiku ule wenyeji wa Monaco waliona neno hilo kwa macho.

Bibi Grace naye alikuwa amekubali mwaka huo kurudi Marekani kucheza katika sinema ya Alfred Hitchcock. Watu wa Monaco walipoona mke wa mtawala wao aondoka wakati wa shida walisikitika, naye akaiacha kazi hiyo. Hakucheza tena sinema kubwa katika maisha yake.

Rainier alifanya mambo mawili. La kwanza, alitengeneza nyumba yake kabla ya kuzungumza na jirani. Tarehe 17 Desemba 1962 alitoa katiba mpya. Katiba hiyo ilirudisha Baraza la Taifa na kulipa sehemu katika kutunga sheria, iliwapa wanawake haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa Baraza, ilifuta adhabu ya kifo, na kuweka mahakama ya juu ya kulinda haki za watu. Tena iliandikwa ndani yake kwamba katiba haiwezi kusimamishwa, wala haibadilishwi ila kwa mapatano ya mtawala na Baraza. Mtu yule yule aliyeisimamisha katiba karibu miaka minne nyuma alitia mkono wake kwenye maneno yanayomzuia yeye na watoto wake wasilifanye jambo hilo tena. Alikwisha kutambua kwamba mtawala mwenye watu wachache hawezi kugombana nao huku akigombana na Ufaransa.

La pili, alikubali kupatana. Tarehe 18 Mei 1963 mapatano mapya yalitiwa sahihi. Wafaransa wakaao Monaco, isipokuwa wale waliokwisha kukaa miaka mitano kabla ya Oktoba 1962, wangelipa kodi kwa Ufaransa kama ndugu zao. Kampuni zilizofanya zaidi ya robo ya biashara yao nje ya Monaco zingetozwa kodi ya faida. Wenyeji wa Monaco wakabaki bila kodi ya mapato, na nchi ikabaki nchi. Rainier alitoa alichoweza kukitoa ili akiokoe kile asichoweza kukipata tena.

MJENZI

Baada ya hapo aliuelekea uzi wa kwanza. Hakuifunga nyumba ya kamari, bali alitaka isiwe nguzo ya nyumba. Onassis alipenda Monte Carlo ibaki mahali pa matajiri wachache. Rainier alitaka mahoteli ya watu wa kawaida pia, mikutano ya kimataifa na viwanda. Mwaka wa 1966 alitumia sheria: serikali ikatoa hisa mpya 600,000 za kampuni ile na kuzinunua yenyewe, na wingi wa hisa ukawa mkononi mwa serikali. Mwaka uliofuata Onassis aliuza hisa zake akaondoka.

Tatizo la ardhi lilikuwa gumu zaidi. Nchi isiyoweza kupanuka upande wa nchi kavu ina njia tatu tu: kwenda juu, kwenda chini, au kwenda baharini. Rainier alizifuata zote tatu. Nyumba za ghorofa nyingi zilipanda juu ya kilima. Reli iliyopita katikati ya mji ilihamishwa katika njia ya chini ya ardhi, kazi iliyokwisha mwaka wa 1964, na pwani iliyokuwa ya treni ikajengwa. Kituo chenyewe cha treni nacho kilipelekwa chini mwaka wa 1999.

Kazi iliyostaajabiwa zaidi ilikuwa ile ya Fontvieille, upande wa magharibi wa jabali. Huko bahari ilijazwa mawe na udongo, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 ilikuwa imepatikana ardhi mpya ya ekari 54 hivi. Mtu akumbuke kwamba nchi yote kabla ya hapo haikutimiza ekari 400. Juu ya ardhi hiyo vilijengwa viwanda vidogo, nyumba za wenyeji, bandari ya mashua na uwanja wa michezo. Rainier alikuwa ameongeza nchi yake bila kumnyang'anya mtu yeyote hata shubiri moja.

Katika uzee wake alifanya kazi nyingine ya namna hiyo. Bandari kuu ya Monaco ilikuwa ikipigwa na mawimbi ya upande wa mashariki, wala kina cha bahari hakikuruhusu ukuta wa kawaida. Basi ukajengwa ukuta wa zege unaoelea, wenye urefu wa mita 352 na uzito wa tani 163,000. Ulijengwa Algeciras katika Hispania, ukavutwa na meli kupita baharini mpaka Monaco mwaka wa 2002, ukafungwa mahali pake. Kwa kazi kama hizo watu wake walimwita Mwanamfalme Mjenzi.

Aliwapenda wanyama, na mwaka wa 1954 alianzisha bustani ya wanyama kando ya jabali. Mwaka wa 1974 alianzisha tamasha la sarakasi ambalo mpaka leo huwakusanya mabingwa wa kazi hiyo toka pande nyingi za dunia. Mwaka wa 1957 alimpa Jacques Cousteau, mpelelezi wa bahari, uongozi wa jumba la elimu ya bahari, lililofunguliwa na Mwanamfalme Albert wa Kwanza mwaka wa 1910. Na mwaka wa 1976 Monaco ilitia sahihi pamoja na Ufaransa na Italia mapatano ya kuilinda bahari yao isichafuliwe.

Ifikapo mwaka wa 2000, Monaco ilikuwa na wakazi wapatao 32,000, na katika hao wenyeji halisi hawakufika 7,000. Wafanyakazi maelfu kwa maelfu walikuja kila asubuhi kutoka Ufaransa na Italia na kurudi jioni. Mapato ya kamari yalikuwa sehemu ndogo tu ya mapato ya serikali. Sehemu kubwa ilitokana na kodi ya mauzo, biashara, benki na nyumba. Uzi wa kwanza haukukatika, bali ulikuwa umesokotwa pamoja na nyingine nyingi, ukawa kamba.

MAWAA NA MSIBA

Sifa hizi zisimfanye mtu afumbe macho. Wapo waliosema kwamba majumba marefu yaliuharibu uzuri wa pwani ile. Wapo pia waliouliza kuhusu fedha zilizohifadhiwa katika benki za Monaco zilikotoka. Mwaka wa 2000, wabunge wa Ufaransa walitoa taarifa iliyolaumu ulegevu wa nchi hiyo katika kuzuia fedha chafu, na mwaka wa 2002 shirika la ushirikiano wa uchumi la nchi tajiri liliiandika Monaco katika orodha ya nchi zisizoshirikiana katika mambo ya kodi. Rainier alizikataa lawama hizo kwa ukali, lakini jina la nchi lilibaki katika orodha hiyo mpaka baada ya kufa kwake.

Nyumbani pia alionja uchungu. Tarehe 13 Septemba 1982, Bibi Grace alikuwa akiteremka mlimani kwa motokaa pamoja na binti yake Stéphanie, wakitoka shamba lao la Roc Agel, na motokaa ikaacha njia ikaanguka bondeni. Stéphanie aliokoka. Bibi Grace alifariki kesho yake, akiwa na umri wa miaka 52. Katika mazishi watu walimwona mtawala wao akilia mbele ya dunia nzima. Aliishi miaka 22 zaidi, wala hakuoa tena. Mwaka wa 1990 msiba mwingine uliipata nyumba hiyo, pale mume wa Caroline, Stefano Casiraghi, alipokufa katika mashindano ya mashua za mwendo wa kasi, akaacha watoto watatu wadogo.

UZI WA PILI

Nguvu za mwisho za Rainier zilikwenda kwenye jambo lile ambalo alizaliwa ndani yake. Mwaka wa 1993 Monaco iliingia katika Umoja wa Mataifa, na hivyo uhuru wake ukashuhudiwa na mataifa yote. Lakini mkataba wa 1918 ulikuwa bado upo, na mwanawe Albert, ambaye mwaka wa 2002 alitimiza miaka 44, hakuwa ameoa.

Mwezi wa Aprili 2002 katiba ilibadilishwa, na ikaamriwa kwamba mtawala akifa bila mtoto wa ndoa, urithi utawaendea ndugu zake na watoto wao. Hivyo Caroline na wanawe wakawa akiba ya kiti. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, mkataba mpya ulitiwa sahihi na Ufaransa, na ndani yake halikuwamo tena lile neno la kwamba Monaco itaingia chini ya Ufaransa ikikosa mrithi. Mwezi wa Oktoba 2004 nchi hiyo ikaingia katika Baraza la Ulaya. Kile ambacho kwa miaka zaidi ya 80 kilitegemea kuzaliwa kwa mtoto mmoja, sasa kilitegemea sheria.

Rainier alikuwa mgonjwa wa moyo na mapafu. Mwezi wa Machi 2005 alilazwa hospitali, na tarehe 31 Albert alishika madaraka kwa niaba yake. Alifariki tarehe 6 Aprili, akiwa na umri wa miaka 81, na wakati huo hakuna mfalme wala mwanamfalme katika Ulaya aliyekuwa amekaa katika kiti muda mrefu kama yeye. Alizikwa tarehe 15 Aprili katika kanisa lile lile alilofungia ndoa, kando ya kaburi la mkewe. Rais Jacques Chirac wa Ufaransa alikuwapo, na pamoja naye wafalme wa Hispania na Ubelgiji.

Albert wa Pili alishika kiti siku ile ile baba yake alipofariki, akaoa mwaka wa 2011, na mwezi wa Desemba 2014 akapata mapacha, mvulana na msichana. Kengele za makanisa zilipigwa na mizinga ikapigwa, na watu wakafurahi kama watu wafurahivyo mtoto anapozaliwa. Lakini furaha hiyo haikuwa na hofu ndani yake kama ile ya mwaka wa 1958. Hata mapacha wale wasingalizaliwa, Monaco ingalikuwapo kesho yake, na hiyo ndiyo tofauti kati ya nchi aliyoipokea Rainier na nchi aliyoiacha.